Mbwa wangu ananyonyesha kandambili

MwanaKatuba
Jambo wote. Naandika kutoka Lubumbashi, komine ya Katuba. Nina mbwa jike wa miaka 3, kilo 20 hivi, anaitwa Banasema. (Ninyi wa pwani mngesema Wanasema. Jina nilimpa kwa ajili ya majirani fulani, wenyewe wanajijua.) Kazi yake ni kulinda lupango (kiwanja cha nyumba) usiku, na hajawahi kuniangusha.

Juma lililopita alianza kuchimba nyuma ya magunia ya makala (mkaa). Nikasema ni panya. Kesho yake kandambili ya kushoto ya kitinda mimba wangu ikapotea. Nikaikuta mle shimoni, mbwa amejikunja ameizunguka, anailamba kama mtoto aliyezaliwa saa ile. Nikanyoosha mkono niichukue, akaninguruma. Mimi, ninayempa bukari (ugali) kila siku! Usiku watu wanapita nje, mbwa wa jirani wanabweka, yeye hatoki. Chuchu zimevimba, ukiminya yanatoka maziwa.

Na mbwa huyu hajapandwa. Alipokuwa kwenye joto (siku za kutaka dume), mwanzoni mwa Aprili, nilimfungia stoo wiki 3 nzima, ufunguo nikauvaa shingoni. Leo tumeingia Juni. Majirani, kama jina lake, wanasema stoo ina mlango wa pili. Mama mkwe anasema mimba isiyo na baba ni kitu kimetupwa kwangu, mbwa atoke lupangoni kabla mwezi haujaandama. Mke wangu yeye akanunua kipimo cha mimba farmasi, kile cha mkojo, tukamvizia alfajiri na kopo. Mstari mmoja. Kwa hiyo mimba hakuna, au vipi?

Kwa sasa namkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kumkamua asubuhi na jioni asije akaumia, kama tulivyoona mama zetu wakifanya. Lakini maziwa yanazidi tu. Nisaidieni.

MkuuTandika
Mstari mmoja! Mkuu, hilo kopo mlilishika vipi?

MwanaKatuba
Usiniulize. Mke wangu alivizia, mimi nilishika tochi.

DaktariMtarajiwa
Yaya (kaka mkubwa), acha kukamua leo hii. Na kitambaa cha moto weka kando. Nitaeleza kwa nini, ila hilo lianze kwanza.

Niko mwaka wa mwisho wa tiba ya mifugo hapa hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Bado si daktari, nisomeni hivyo.

Ulichonacho ni mimba ya uongo, na uongo wenyewe si wa Banasema. Mwanamke yai likishatoka na mimba isitunge, homoni ya projesteroni, ile inayoutunza mji wa mimba, huwapo kama siku 14, kisha inashuka na hedhi inakuja. Mwili umepata habari kwamba hakuna mtoto. Mbwa jike hapati habari hiyo. Joto likiisha, ovari zake, yaani mifuko ya mayai, zinaendelea kutoa projesteroni kwa miezi 2 hivi, awe amepandwa na madume watatu au amefungiwa stoo na ufunguo uko shingoni kwa mwenye nyumba. Mimba ya kweli ya mbwa ni siku 63. Umeona? Aliyepandwa na asiyepandwa wanakwenda na saa ile ile.

Mwishoni mwa miezi hiyo 2 projesteroni inaanguka, na inapoanguka homoni nyingine inapanda, prolaktini, kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Prolaktini ndiyo inayoleta maziwa, na ndiyo inayomfanya mama achimbe, alinde, akunje mkia juu ya mtoto. Mtoto asipokuwepo anatafutwa. Wengine wanachukua soksi, wengine mwanasesere, wako kachukua kandambili. Hesabu mwenyewe kutoka Aprili mwanzoni hadi Juni mwanzoni: wiki 8. Hajakosea.

Majike wote wasiotolewa kizazi wanapita humo kila baada ya joto. Wengi hawaonyeshi kitu. Wengine wananenepa kidogo wanaisha. Wachache wanafanya kama wako.

Sasa kukamua. Chuchu ikiguswa, ubongo unaambiwa watoto wananyonya, prolaktini inapanda, maziwa yanatengenezwa mengine. Joto la kitambaa linafanya hivyo hivyo. Wewe asubuhi na jioni umekuwa watoto wake. Maziwa yakiachwa yakajaa bila kutolewa, kule kujaa kwenyewe ndiko kunakomwambia mwili basi. Na yeye asijilambe: mvalishe fulana ya zamani ya mtoto, miguu ya mbele kwenye mikono, ifungwe fundo mgongoni.

Kuhusu kipimo: kile kinatafuta homoni inayotoka kwenye kondo la mtoto wa binadamu. Mbwa haitoi kabisa. Hata angekuwa na watoto 9 tumboni ungepata mstari mmoja. Kwa hiyo hakijakuambia lolote. Mwenye shaka anapeleka mbwa ekografi (ultrasound) kuanzia wiki ya 4, au picha ya mionzi baada ya siku ya 45, mifupa ya watoto inapokuwa imeshakomaa kuonekana.

MwanaKatuba
Mudogo, asante sana. Franka za kipimo zimekwenda. Nimeacha kukamua. Kandambili je, ninyang'anye?

DaktariMtarajiwa
Usimnyang'anye mkononi, au tuseme mdomoni. Kwake yule ni mtoto, na mbwa mpole kabisa anaweza kukung'ata kwa ajili ya mtoto. Watoto wa nyumbani wasikaribie shimo. Mtoe matembezi marefu, na akiwa nje mtu mwingine aichukue, afukie shimo, asogeze magunia. Atalia siku 1 au 2. Chakula punguza kidogo kwa siku chache, maana maziwa yanatengenezwa kwa chakula. Maji usimnyime. Kisha subiri. Wengi inawaisha ndani ya wiki 2 au 3 bila dawa.

MamaBukari
Mwanangu MwanaKatuba, mwambie mama mkwe asiogope. Mbwa wetu wa Kamalondo, enzi za marehemu mume wangu, alichukua kitoto cha paka kilichoachwa na mamaye. Hakuwahi kuzaa. Alikinyonyesha kweli kweli, kikanenepa, kikakua kikawa paka mkubwa anayetembea nyuma ya mbwa. Watu walikuwa wanakuja kutazama. Hakuna aliyesema uchawi. Walisema mbwa ana roho nzuri.

Ila nauliza, mwanangu daktari: kwa nini Mungu aweke kitu cha kusumbua namna hii?

DaktariMtarajiwa
Mama, wataalamu wengi wanarudisha jambo hili kwa mbwa mwitu. Kwenye kundi lao kwa kawaida ni jike mmoja tu anayezaa. Wale wengine, shangazi na dada, miili yao inapita kwenye miezi ile ile, na watoto wakizaliwa wanakuta walezi wako tayari, pengine hata na maziwa. Paka wenu alilelewa na shangazi.

MkuuTandika
Mnazunguka sana. Dawa yake ni moja: mpandishe joto lijalo, azae mara moja, roho itulie. Mbwa jike lazima azae hata mara moja, la sivyo anaumwa. Hili hata babu zetu wanajua.

DaktariMtarajiwa
Mkuu, kwa heshima: hapana. Akizaa, joto linalofuata bila kupandwa saa inaanza upya, na mimba ya uongo inaweza kurudi vile vile. Kuzaa hakufuti kitu. Aliyewahi kuionyesha mara moja ndiye ana nafasi kubwa ya kuionyesha tena. Wala mbwa hana kiu ya uzazi inayomla ndani, ana homoni zinazopanda na kushuka.

MamaBukari
Na hao watoto 7 au 8 ataachiwa nani? Mkuu utakuja kuwachukua kutoka Tandika?

MkuuTandika
Mama, mimi nimetoa ushauri tu.

YaKamalondo
Mimi wangu namchoma ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, ya wanawake. Joto haliji, mimba ya kweli haiji, ya uongo haiji. Fundi mmoja anayepita na begi la dawa za mifugo ananifanyia. Kwa nini mteseke?

KivuBaridi
YaKamalondo, niko Goma, na hapa nilikuwa nasoma tu bila kuandika. Nitaandika kwa sababu yako.

Nilikuwa na jike wa miaka 6. Alichomwa sindano hiyo hiyo mara 2, na mtu kama huyo wako. Baadaye tuliacha, joto likaja, likapita. Kama wiki 6 baada ya joto akaanza kulegea. Tumbo limekua. Nikasema nimeshawahi kuona hii, ni mimba ya uongo, joto lililopita alifanya hivi hivi na likaisha lenyewe. Nikamwacha. Alikuwa anakunywa maji mpaka beseni linakauka, halafu anatapika. Nikasema ni jua. Maziwa hakuwa nayo, shimo hakuchimba, mtoto wa kuokota hakuwa naye. Hilo ningeliona ningejua. Siku ya 4 hakusimama. Mkiani palikuwa pamelowa kitu kizito chenye rangi ya maziwa na kahawia, harufu siwezi kuieleza. Nilipompata daktari wa mifugo aliligusa tumbo tu, akasema kizazi kimejaa usaha. Alikufa kabla ya kufika mezani.

Sindano ile, daktari alisema, inafanya kazi ya projesteroni mwilini kwa miezi. Na projesteroni ndiyo inayonenepesha ukuta wa kizazi mpaka vijidudu vinapata pa kukaa.

DaktariMtarajiwa
Pole sana. Na daktari wako alikuambia kweli.

Hili lisomwe na kila mtu hapa. Mimba ya uongo na usaha wa kizazi vinakuja katika majuma yale yale baada ya joto, kwa sababu vyote vinapikwa kwenye chungu kimoja. Projesteroni inafunga mlango wa kizazi na kutuliza ulinzi wake, bakteria waliopanda kutoka nje wanazaliana humo. Mwenye mimba ya uongo ana shughuli: anachimba, ananguruma, ana maziwa. Anaweza kula kidogo, kutapika mara moja, lakini macho yako hai. Mwenye usaha kizazini anazimika. Maji mengi, mkojo mwingi, kutapika, kulegea, tumbo linajaa. Uchafu ukitoka nyuma una bahati, maana umeuona. Mlango ukifunga kabisa hakitoki kitu na hali ni mbaya zaidi. Hiyo haisubiri Jumatatu. Ni upasuaji.

YaKamalondo, sindano zile zinaongeza hatari hiyo, na uvimbe wa matiti pia. Na nguvu yake ikiisha mwilini, ni kama projesteroni imeanguka: mimba ya uongo hiyo hapo uliyokuwa unaikimbia.

YaKamalondo
Nimesikia. Aliyochomwa mwisho ilikuwa Machi. Nifanye nini?

DaktariMtarajiwa
Usirudie. Mtazame anavyokunywa maji, na umpeleke akaguliwe ukiwa na nafasi, si siku akilala.

MwanaKatuba
Niungame jambo. Juzi alitapika kidogo. Nyumbani tulikuwa na vidonge vya kuzuia kutapika vya mtoto, metoklopramide, nikampa kimoja, na jana kingine. Leo maziwa yanadondoka yenyewe sakafuni.

DaktariMtarajiwa
Yaya! Acha. Dawa hiyo ina tabia ya kupandisha prolaktini. Kwa binadamu imewahi kutumiwa na madaktari kwa mama asiye na maziwa ya kutosha. Umemwongezea kuni kwenye moto.

Na kwa kuwa sasa mtaanza kutafuta dawa ya upande wa pili, niseme kabla hamjaenda farmasi. Ipo, kabagolini. Inashusha prolaktini. Kwa mbwa ni mikrogramu 5 kwa kila kilo mara 1 kwa siku, siku 5 hadi 10, baada ya mnyama kupimwa. Mbwa wa kilo 20 ni mikrogramu 100. Kidonge cha wanawake kina mikrogramu 500. Mtu akikata nusu kwa kisu cha nyanya akampa, amempa mara 2 na nusu ya kipimo, na mbwa atatapika mpaka nyongo. Zaidi ya hapo, dawa hii inatoa mimba ya kweli. Kwa hiyo mwenye shaka kama ile ya mlango wa pili wa stoo, haigusi kabla ya ekografi. Banasema kwa ninavyomsoma haihitaji.

MwanaKatuba
Mlango wa pili haupo! Nimeuziba matofali mwaka jana.

Swali la mwisho, sitawachosha. Nimempata mtu atakayemtoa kizazi Jumamosi hii. Nimalize kabisa?

DaktariMtarajiwa
Kumtoa kizazi ndiyo dawa ya kweli, ndiyo pekee inayozuia lisirudi, na usaha pia unausahau. Lakini Jumamosi hii hapana. Prolaktini yake sasa hivi iko juu. Ukiondoa ovari wakati huu, projesteroni kidogo iliyobaki inakatika kwa mara moja, prolaktini inaweza kuruka juu zaidi, na mbwa akabaki kwenye hali hii kwa miezi, bila ovari. Tena matiti yaliyojaa maziwa yanamsumbua anayepasua. Subiri miezi 3 au 4 baada ya joto, maziwa yakauke kabisa. Kwako ni mwisho wa Julai, au Agosti. Usivuke hapo sana, maana wengi hushika joto kila miezi 6 au 7, na Oktoba haiko mbali.

BintiKisauni
Samahani naingilia. Wangu alitolewa kizazi miezi 5 iliyopita na mpaka leo anabeba soksi na ana maziwa. Nimeambiwa na kila mtu kwamba haiwezekani, hana kizazi. Nilidhani waliomfanyia waliniibia.

DaktariMtarajiwa
Dada, alitolewa muda gani baada ya joto?

BintiKisauni
Kama wiki 6 hivi. Walinipa nafasi siku hiyo nikaenda.

DaktariMtarajiwa
Basi hukuibiwa. Ndiyo hiyo niliyomwambia Yaya. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umweleze tarehe hizo mbili, ya joto na ya upasuaji. Kabagolini kwa kipimo chake mara nyingi inakata mzunguko huo.

BintiKisauni
Miezi 5 nimegombana na watu bure. Asante.

MwanaKatuba
Siku ya 9. Titi moja la nyuma limekuwa gumu kama jiwe. Sijalala.

DaktariMtarajiwa
Ni jekundu? Moto kuliko mengine? Ukiligusa analia? Mpime joto, kipimajoto nyuma, si puani.

MwanaKatuba
Si jekundu. 38.7. Mke wangu alishika kichwa, mimi kipimajoto. Safari hii tochi alishika mama mkwe.

DaktariMtarajiwa
Mbwa mzima ana 38 hadi 39 na kidogo. Huyo ni maziwa yaliyosimama tu. Usilikande. Likiwa jekundu, likatoa usaha au damu, au akivuka 39.5 na kuacha kula, mpeleke siku hiyo hiyo.

MamaBukari
Mama mkwe kashika tochi? Basi mbwa haondoki tena.

MwanaKatuba
Siku ya 17. Titi limelainika. Maziwa karibu hakuna. Kandambili tuliichukua wakati mwanangu mkubwa amemzungusha mpaka soko la komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na kurudi. Alirudi akanusa nyuma ya makala, akazunguka mara kadhaa, akalala mlangoni pa jikoni akilia sauti ndogo ambayo kusema kweli ilinikaa vibaya. Siku 2. Ya 3 usiku nikamsikia langoni, anabweka. Majirani walikuwa wanapita.

MkuuTandika
Hongera mkuu. Na kuzaa mara moja nimeondoa pendekezo.

KivuBaridi
Tuletee habari za Agosti.

MwanaKatuba
Agosti, kama nilivyoahidi. Ametolewa kizazi Jumanne. Aliyempasua aliuliza kwanza tarehe ya joto, nikaitaja bila kusita, akanitazama mara 2. Kidonda kikavu, anakula. Ile fulana ya mtoto imepata kazi ya pili, kuzuia asilambe nyuzi.

Kandambili tuliifua kwa sabuni mara 3, ikarudishwa kwa mwenyewe. Kitinda mimba ameikataa. Ameibeba kwa mikono miwili, ameenda kuilaza kwenye gunia pembeni ya Banasema, akaniambia nisiiguse, mama yake anaumwa. Mbwa aliinusa kidogo, akageuza kichwa, akalala.

Mtoto anatembea na moja mpaka leo. Nitanunua jozi nyingine Jumamosi.